Barua ya wazi: Watoto wa Iringa wapimwe, na majibu yarudi kijijini

Kwa: Waziri wa TAMISEMI (Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa), Mkurugenzi Mtendaji, Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania, Wakuu wa Mikoa ya Iringa, Njombe na Rukwa, na mashirika yote yanayofadhili miradi ya lishe katika mikoa hii.

YAH: NAMNA TUNAVYOPIMA MATOKEO YA MIRADI YA CHAKULA NA LISHE

Waheshimiwa, kamwene.

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika Wilaya ya Mufindi. Kazi yangu ni kupita kaya kwa kaya, kuwakumbusha kina mama siku za kliniki, kuwapima watoto kwa utepe wa mkono, ule unaozungushwa juu ya kiwiko kupima unene wa mkono, na kujaza rejista. Nimefanya kazi na miradi kadhaa ya lishe, mingine ya serikali, mingine ya mashirika, na sina ugomvi na mtu yeyote niliyefanya naye kazi. Ninalolileta kwenu ni moja. Tunahesabu sana tulichotoa, mtoto mwenyewe tunampima kidogo, na hata hicho kidogo hakirudi kwa wenye mtoto.

Takwimu mnazijua kuliko mimi, lakini nizitaje ili wasomaji wengine tuwe nao pamoja. Utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa 2015/16 ulikuta watoto 34 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, yaani ni wafupi mno kwa umri wao. Wa 2022 ukakuta 30. Ni hatua. Sasa tazameni Iringa katika kipindi hichohicho: mwaka 2015/16 ilikuwa asilimia 42, utafiti wa lishe wa 2018 ukaikuta kwenye 47, na 2022 ikafika 57, ya kwanza nchi nzima. Njombe na Rukwa zilikuwa kwenye 50 hivi. Najua mtaalamu atasema idadi ya watoto wanaopimwa kwa mkoa mmoja katika tafiti hizi si kubwa, kwa hiyo tofauti ya pointi chache isitutie wazimu. Sawa kabisa. Lakini tafiti tatu zikifuatana zikielekea upande mmoja, hilo si suala la pointi chache tena.

Na hii ndiyo mikoa inayolisha wengine. Mahindi yetu yanaliwa Dar es Salaam, viazi mviringo vinajaza malori kila wiki, parachichi za Njombe zinapanda meli. Zikisomwa takwimu za utoshelevu wa chakula, tuko juu. Zikisomwa za udumavu, tuko juu pia. Kwa hiyo anayepima uhakika wa chakula kwa magunia yaliyovunwa hajapima kitu kinachomhusu mtoto wa mwaka mmoja na nusu.

Miaka hiyo hatukukaa bila miradi wala mipango. Ulikuwepo mpango wa taifa wa lishe wa 2016 hadi 2021, ukafuatiwa na wa pili uliopangwa hadi 2026. Ukaja mkataba wa lishe, ambao wakuu wa mikoa waliusaini kwanza mwishoni mwa 2017, kisha Septemba 2022 wakausaini mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan mjini Dodoma, mara hii hadi 2030. Halmashauri zikatakiwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano kutoka mapato ya ndani. Mimi nausifu mkataba ule, maana kabla yake fedha ya lishe ilikuwa ya kwanza kukatwa bajeti ikibana. Lakini sikilizeni kinachosomwa kwenye vikao vya tathmini yake: kiasi cha fedha kilichotolewa, watoto waliopewa matone ya vitamini A, wajawazito waliopata vidonge vya kuongeza damu, vijiji vilivyoadhimisha Siku ya Afya na Lishe. Yote ni kazi njema na yote ni mambo tuliyoyafanya sisi. Swali la mtoto ameongezeka sentimita ngapi tangu tuanze kuyafanya halipo mezani.

Miradi ya mashirika nayo ni vilevile, tena zaidi. Chukueni mama mmoja wa kijijini kwetu, ambaye simtaji. Yumo kwenye kikundi cha malezi cha mradi mmoja, kikundi cha bustani cha mradi wa pili, na kikundi cha hisa ambacho mradi wa tatu ulikuja kukipa somo la unga wa lishe. Kila mradi una karatasi yake ya mahudhurio na yeye amesaini zote. Kwenye ripoti tatu yeye ni wanufaika watatu. Ana mtoto mmoja, na katika miradi yote hiyo hakuna aliyemlaza mtoto huyo kwenye ubao akasoma urefu wake.

Mtauliza: si mnapima kwa utepe? Tunapima, na hapo ndipo penye shida ambayo nadhani huko juu haionekani vizuri. Utepe wa mkono unaonyesha kijani kuanzia sentimita 12.5, njano ukishuka chini ya hapo, na nyekundu chini ya 11.5. Unakamata ukondefu, yaani mtoto aliyepungua sasa hivi kwa njaa au ugonjwa. Ni kifaa kizuri sana mahali penye ukame au kwenye kambi ya wakimbizi. Lakini ukondefu nchini mwaka 2022 ulikuwa kama asilimia 3 tu. Huku kwetu napita nyumba hadi nyumba: kijani, kijani, kijani. Mradi ukiandika kwamba karibu watoto wote wa eneo lake wako kwenye kijani, haujadanganya. Umetumia tu kifaa ambacho kingetoa jibu hilohilo hata kama mradi usingekuja.

Mizani nayo ina yake. Mtoto aliyedumaa mara nyingi si mwembamba. Ni mfupi kwa umri wake, na uzito wake unalingana na ufupi huo, kwa hiyo anaonekana bonge. Mama anajivuna naye, majirani wanamsifia, na mchoro wa uzito kwenye kadi haumshtui mtu. Ukimwambia mama huyo kuwa mwanawe ana utapiamlo atakuona umetumwa. Kinachomwonyesha ukweli ni urefu kwa umri peke yake, na kwenye kadi nyingi za kliniki ninazozishika sehemu ya urefu haijaandikwa kitu.

Sababu si uvivu wa wauguzi. Kupima urefu ni kazi. Mtoto wa chini ya miaka miwili anapimwa amelala na anahitaji watu wawili: mmoja ashike kichwa kiguse ubao, mwingine anyooshe magoti na asogeze kibao cha miguu, huku mtoto analia na foleni nje ni ndefu. Viatu vivuliwe. Nywele zilizosukwa juu ya utosi zifumuliwe, na mama aliyelipia msuko juzi hafurahi. Akishatimiza miaka miwili anapimwa amesimama, na ukichanganya mikao hiyo miwili unapata tofauti ya milimita saba hivi, za bure. Kisha umri. Mama akikwambia mtoto alizaliwa wakati wa kupalilia, na kadi imeliwa na panya, ukakosea miezi miwili, unaweza kumwita mdumavu mtoto mzima au ukamfuta mdumavu kwenye orodha. Kwa hiyo ninapoomba watoto wapimwe urefu sisemi ni jambo la kuagizwa kwa simu Jumatatu likaanza Jumanne. Linataka ubao imara, mafunzo, na mtu wa kurudia kupima watoto wachache ili kuona kama mpimaji wa kwanza alisoma sawasawa.

Kuna namna nyingine matokeo yanavyopotoka bila mtu kusema uongo, nayo ni msimu. Mvua zetu ni za mara moja kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei. Januari na Februari ghala limekauka, Juni na Julai kila nyumba ina mahindi, maharage na viazi. Dodoso linalotumika sana kupima ulaji wa kaya huuliza mlikula nini ndani ya siku saba zilizopita, kisha kila kundi la chakula linapewa uzito wake: nyama, samaki na maziwa pointi nne kwa siku, jamii ya kunde tatu, nafaka mbili, mboga na matunda moja moja, mafuta na sukari nusu. Kaya ikizidi 35 inahesabika ina ulaji wa kuridhisha. Ni dodoso zuri, nimelitumia. Lakini nilikuwa miongoni mwa wahojaji wa mradi mmoja uliofanya tathmini ya awali wakati wa masika na ya mwisho baada ya mavuno. Ulaji ulipanda, watu wakapigiana makofi ukumbini. Mavuno yangeupandisha bila sisi. Niliuliza, nikajibiwa kwamba mkataba na mfadhili unaisha Agosti.

Njia ya kujua kama ni mradi au ni mavuno ipo, na nchi hii imewahi kuitumia. TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, walipopima mpango wa kunusuru kaya maskini, baadhi ya vijiji viliingizwa mapema na vingine vikasubiri, vikichaguliwa kwa bahati nasibu, ili walioanza walinganishwe na waliokuwa bado. Jirani zetu Kenya, katika kaunti za Kakamega, Bungoma na Vihiga, watafiti walifuatilia maelfu ya kina mama wajawazito na watoto wao. Vijiji vingine vilipewa maji safi, vyoo na vifaa vya kunawia mikono, vingine ushauri wa ulishaji pamoja na chakula cha nyongeza kwa mtoto, vingine vyote kwa pamoja, vingine havikupewa. Matokeo yalitoka 2018: vyoo na kunawa mikono peke yake havikuongeza urefu wa watoto, na lishe iliongeza kidogo. Hayo hayakuwafurahisha watu, maana fedha nyingi zilikuwa zimewekwa kwenye imani kwamba choo kitamrefusha mtoto. Lakini sasa inajulikana. Choo kibaki kwa sababu zake nyingine, na swali la urefu litafutiwe jibu kwingine. Sisi huku Nyanda za Juu Kusini tumesikia kila sababu kwenye majukwaa: ulanzi (pombe ya mianzi), uvivu wa kina baba, ujinga wa kina mama, ugali mtupu. Kila kiongozi ana yake, na hakuna anayelazimika kuithibitisha.

Jambo linaloniuma zaidi ni kwamba tuliwahi kuwa walimu wa hili. Mwaka 1983 Mkoa wa Iringa, ambao wakati ule ulikuwa pamoja na Njombe ya leo, ulianza mpango wa lishe kwa msaada wa UNICEF na WHO na fedha za Italia. Ulianza kwenye vijiji 168. Kila baada ya miezi mitatu kijiji kilikutanisha watoto wake na kuwapima uzito. Majibu hayakusubiri kwenda mkoani ndipo yasomwe. Viongozi na wazazi waliyajadili palepale: watoto wa nani wameshuka, kwa nini, kijiji kifanye nini. Kilichowezekana kijijini kilifanywa kijijini, ikiwemo kuanzisha vituo vya kulishia watoto wakati kina mama wako shamba. Kilichoshindikana kilipelekwa kata, kisha wilaya. Hadi 1988, katika maeneo ya mpango, watoto wenye uzito pungufu walikuwa wameshuka kutoka asilimia 56 hivi hadi 38, na wenye hali mbaya kabisa kutoka 6 hadi chini ya 2. UNICEF ilipotoa mkakati wake wa lishe mwaka 1990, ule mchoro wa sababu za utapiamlo unaofundishwa vyuoni hadi leo, ulijengwa kwa kiasi kikubwa juu ya yaliyojifunzwa Iringa.

Najua pia mapungufu yake. Walipima uzito, si urefu, na fedha za nje zilipokwisha mambo mengi yalilegea. Lakini mzunguko ule wa kupima, kuchambua na kuchukua hatua, vyote vikifanyika mahali mtoto anapoishi, ndio ninaoutafuta leo bila kuuona. Leo najaza rejista, namkabidhi muuguzi, takwimu zinaingizwa kwenye mfumo, zinafika Dodoma. Mwenyekiti wa kijiji akiniuliza watoto wetu wakoje, namjibu kwa kukisia. Asilimia 57 tuliisikia redioni kama walivyoisikia watu wa Tanga.

Na hata hiyo ya redioni haina uhakika wa kuendelea. Programu ya kimataifa iliyokuwa ikisaidia tafiti hizi kubwa za afya ya mama na mtoto, nchini kwetu tangu 1991/92, ilikuwa inalipwa na Marekani kupitia USAID, shirika lake la misaada. Februari 2025 ilisimamishwa, na Julai mwaka huohuo USAID yenyewe ikafungwa. Ofisi yetu ya Taifa ya Takwimu ina wataalamu wake na wanaiweza kazi, hilo sina shaka nalo. Ninachosema ni kwamba kujua urefu wa watoto wetu tulikuwa tunategemea bajeti ya nchi nyingine, na sasa tumeona inavyoweza kukatwa ndani ya wiki chache.

Sasa maombi yangu.

Waziri wa TAMISEMI na Taasisi ya Chakula na Lishe, naomba kila mtoto apimwe urefu akitimiza miezi sita, mwaka mmoja na miaka miwili. Mara tatu tu, si kila mwezi, ili kazi iwezekane na ifanywe vizuri. Chanjo ya surua ya miezi tisa na ile ya miezi 18 zinawaleta kina mama kliniki. Baada ya hapo wengi hawaonekani tena, kwa hiyo kipimo cha miaka miwili tupewe sisi wahudumu wa jamii tukifanye kijijini, na ubao tupewe. Majibu yabandikwe ofisi ya kijiji bila majina. Yasiandikwe kwa asilimia, kwa sababu kijiji chenye watoto 20 wa umri huo asilimia zake zitaruka kama panzi kila mwaka na watu watachoka nazo. Yaandikwe kwa hesabu ya kawaida: waliotimiza miaka miwili robo hii ni kadhaa, wafupi kwa umri wao ni kadhaa. Mkutano mkuu wa kijiji unatakiwa ufanyike kila baada ya miezi mitatu. Ajenda hiyo isomwe humo, baada ya mapato na matumizi.

Wakuu wa mikoa, kwenu nina ombi gumu kidogo. Namba hizi zikianza kuja, zitakuwa mbaya. Msimfokee mganga mfawidhi wala mtendaji wa kata mbele ya kamera kwa sababu kata yake ina wadumavu wengi. Mkimfokea mara moja, robo inayofuata watoto watakuwa wamerefuka kwenye karatasi. Mpimaji akijua kwamba bosi wake ataaibishwa, milimita chache anaziongeza bila hata kujiona amekosa. Mfokeeni aliyekuwa na namba mbaya na hakuitisha mkutano.

Pia ongezeni swali moja kwenye fomu zote, za serikali na za mashirika: jana mchana mtoto alilishwa na nani? Fomu zinauliza alikula nini na mara ngapi. Haziulizi nani. Kuanzia Desemba hadi Machi mama wa huku anatoka alfajiri kwenda kulima au kibarua cha chai na anarudi jua likiwa linazama. Mtoto anabaki na bibi au na dada yake wa miaka saba, na uji uliopikwa asubuhi ambao mchana umeshapoa na kuganda. Mafunzo ya makundi ya chakula mama huyo ameshayapata, tena mara tatu, na kila mafunzo yalimlia siku moja ya shamba. Bustani anatakiwa aimwagilie yeye, kuku awalishe yeye. Sijawahi kuona ripoti ya mradi iliyopima saa ambazo mradi wenyewe umemwongezea mama. Nashuku, na narudia kwamba nashuku tu, kuwa hapo ndipo ilipo sehemu kubwa ya jibu la kwa nini mkoa wenye chakula una watoto wafupi. Swali hilo likiulizwa miaka miwili mfululizo tutajua kama nakosea.

Wafadhili na mashirika, kwenu ni mambo mawili. La kwanza, mradi ukifungwa acheni takwimu zake halmashauri, zile zenyewe za kaya kwa kaya zikiwa zimeondolewa majina, si kijitabu chenye picha za watoto wanaocheka. Tumehojiwa mno na watu ambao hatukuona walichoandika. La pili, tengeni fedha ya kurudi. Mtoto aliyezaliwa mradi unapoanza atakuwa amefika miaka miwili wakati mradi wa miaka mitatu unakaribia kufunga, na aliyezaliwa mwaka wa mwisho hatapimwa na mtu. Rudini miaka miwili baada ya kuondoka, msimu uleule mliofanyia tathmini ya kwanza, mpime waliokuwa ndani ya mradi na waliokuwa kijiji cha pili ambacho hamkukifikia. Mkikuta hakuna tofauti, andikeni hivyo. Sisi hatutawacheka, na mradi unaofuata hautarudia bustani zilezile kwa fedha nyingine.

Vijiji huanza kuibua vipaumbele vya bajeti kabla mwaka haujaisha, na halmashauri hufunga mapendekezo yake miezi michache baadaye. Kwa zile shilingi 1,000 za kila mtoto, ombi langu la mwaka huu ni dogo: ubao mmoja wa kupimia urefu kwa kila zahanati isiyo nao, na siku za mafunzo za kutosha kwa watu wawili wa kuutumia. Afisa lishe wa halmashauri yetu anaijua orodha ya zahanati zenyewe.

Wenu,
Mhudumu wa afya ngazi ya jamii
Mufindi, Iringa